Jibu: Tinti ya kioo cha nyuma imeacha gundi, je, nitumie wembe?

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba ulipovuta tinti ya zamani ilitoka tabaka la juu pekee, gundi ikabaki, na sasa unataka kumalizia kwa wembe. Tafadhali uweke kando kwanza.

Kagua ile mistari myembamba inayokatiza kioo. Ndiyo hita ya kuondoa ukungu, nayo imechapwa upande wa ndani, palepale ilipobandikwa tinti, hivyo wembe ukikata mstari mmoja, mstari huo hautapasha joto tena mpaka utengenezwe kwa rangi maalumu inayopitisha umeme. Katika baadhi ya magari antena ya redio nayo imo humo humo.

Kwenye gari langu nilitandika taulo juu ya spika za nyuma, kwa sababu maji hutiririka, kisha nikapasha joto pembe moja kwa draya ya nywele mpaka gundi ikalainika, nikavuta polepole sambamba na mistari huku joto likitangulia mkono. Ukiharakisha, tabaka zitaachana tena.

Kwa gundi iliyobaki, nyunyiza maji yenye sabuni ya vyombo, funika kwa nailoni ili isikauke, subiri ilainike, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki na umalizie kwa kitambaa chenye spiriti, milango ikiwa wazi. Usipake petroli, mvuke wake ndani ya gari ni hatari ya moto.

Vioo vya milango visivyo na mistari vinaweza kukwanguliwa kwa wembe mpya uliolazwa, kioo kikiwa kimelowa.