Meza ya kuediti video: pima kiwiko kabla hujaenda Keko

Mkuu, umesema unaediti harusi na sendofu, una monita mbili za inchi 27, CPU kubwa, spika mbili, na chumba cha mita 3 kwa 3 hapa Dar. Unauliza ununue meza ya dukani au umpe kazi fundi wa samani kule Keko. Mimi kazi hiyohiyo ndiyo inayonilisha, na jibu langu ni fundi. Si kwa ajili ya bei, kwa sababu ukitaka kitu imara bei zinaweza hata kulingana. Ni kwa ajili ya vipimo.

Kimo kwanza. Meza nyingi za ofisi zinazouzwa madukani zina kimo cha sentimita 75 hivi. Mtu mrefu atakaa sawa. Wengi wetu tukikaa hapo mabega yanapanda, na mhariri hapumziki kama mtu wa ofisini anayeinuka kwenda kikaoni. Unashika kipanya toka asubuhi, unakata, unavuta, unasikiliza hotuba ya mjomba mara ya tano ili ujue pa kuikatia. Bega likiinuliwa muda wote huo, jioni shingo inakaza, na wengi huishia kulaumu kiti.

Kwa hiyo kalia kiti utakachofanyia kazi, miguu ikanyage chini yote, mikono ining'inie, kisha kunja kiwiko pembe mraba. Mwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Toa sentimita 2 kwa ajili ya unene wa kibodi, na hicho ndicho kimo cha uso wa meza yako. Tuseme kiwiko kimetoka 70, basi uso wa meza uwe 68, na kama ubao una milimita 18, fremu ya chuma iishie 66.2. Mwandikie fundi namba ya fremu kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo. Mafundi wengi wana kimo chao cha mazoea, na mkono utaenda kwenye mazoea.

Upana, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi ukutani, usikubali chini ya sentimita 80. Hapa ndipo meza zinazoitwa za gemu zinaponikera: taa za rangi chungu nzima, miguu iliyopinda pinda, halafu upana ni 60. Kitako cha monita kinakula nafasi, kibodi inakula nafasi, na wewe unabaki umeegemeza pua kwenye kioo. Kwa monita ya inchi 27 kioo kikae angalau urefu wa mkono wako ulionyooshwa, ili uone taimulaini yote (ule mstari wa vipande vya video unavyovipanga) bila kugeuza shingo.

Urefu hesabu yake ni nyepesi. Monita moja ya inchi 27 ina upana wa sentimita 61 hivi, mbili ni 122. Weka spika kila upande, unafika 165. Fanya 180, chumba chako kinairuhusu. Zile sentimita za ziada utazishukuru siku bibi harusi atakapokuja na mama yake na shangazi kuangalia kazi kabla hujaitoa. Watavuta viti pembeni yako, watataka pa kuweka soda, na shangazi ataulizia kwa nini ameonekana mara moja tu. Pawe na upande wa soda ulio mbali na hadi diski zako za kuhifadhia video, na usiwe upande wa CPU.

Sasa ubao. Fundi atakushawishi mninga au mkongo, na kwa kweli ni mbao nzuri, ila uso wa mninga wa ukubwa huo ni mzigo mzito na pesa ambayo ingekununulia diski nyingine. Mbao za paini, nyingi zikiwa zinatoka Mufindi kule msitu wa Sao Hill, ni nafuu, lakini ukipewa mbichi zitapinda baada ya kuunganishwa, na monita moja itainama kuliko mwenzake. Mimi nachagua karatasi ya ubao wa kiwandani ya milimita 18, yaani MDF au plaiwudi. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ina uso laini na hupakika vizuri, ila maji ni adui yake. Plaiwudi hushika skrubu vizuri zaidi na huvumilia unyevu, kwa hiyo kama unakaa karibu na bahari lipia hiyo.

Karatasi ina futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukikata uso wa 180 kwa 80, unabaki na ukanda wa karibu sentimita 42 kwa urefu wote na kipande cha 64 kwa 80. Usikubali vibaki dukani! Ukanda ndio rafu ya kuinulia monita, na kipande kile kinatoa kijukwaa cha CPU. Ukichagua MDF, kingo zilizokatwa zipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, piga msasa, ndipo upake rangi. Bila hivyo kingo zinafyonza unyevu wa Dar na kuvimba.

Ubao wa milimita 18 peke yake hauwezi kubeba urefu wa 180, utalegea katikati. Ugumu wa ubao huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene: wa milimita 25 ni mgumu mara 2.7 hivi kuliko wa 18, japo umezidi milimita 7 tu. Ila njia rahisi ni kuupunguzia nafasi isiyo na kitu chini. Fremu ya skwea paipu ya inchi moja na nusu, yenye vipande vya kukatiza kila baada ya sentimita 60 au pungufu, inamaliza tatizo. Pia inaua mtikisiko na mvumo. Ubao mwembamba usioshikiliwa ni ngoma, spika zikilia na wenyewe unalia, nawe unapunguza besi ambayo kwenye video haipo.

Fremu yenyewe ifanye 170 kwa 65. Uso wa meza utachomoza sentimita 5 mbele na pembeni, na 10 nyuma. Zile 10 za nyuma ni za kubana mkono wa kushikilia monita ukitaka kuutumia, ambao ukikutana na chuma haubani. Kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, mwambie apime kona kwa kona. Zote mbili zisome 182. Zikitofautiana, fremu imekaa upande na meza itacheza. Chuma cha kuunganisha miguu kiwekwe nyuma, mbele kitakugonga magoti. Kila mguu uchomelewe nati chini na boliti ndani yake, uzungushe kusawazisha kwenye sakafu isiyo sawa. Na miguu ifungwe kwa boliti kwenye fremu ya juu, maana fremu nzima itaingia kwenye kirikuu bila shida lakini mlango wa chumba cha kupanga ni habari nyingine.

Rangi ya uso iwe ya kijivu isiyong'aa. Fomeka nyeupe inayong'aa inarudisha mwanga kwenye kioo, na ukirekebisha rangi ya ngozi ukiwa umezungukwa na weupe au wekundu, macho yanadanganyika. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mgongoni wala mbele.

CPU iinue sentimita 15 kutoka sakafuni kwa sababu ya vumbi na maji ya kudekia, na isifungiwe kabatini. Wakati wa kueksipoti, yaani kutoa video iliyokamilika, inatoa joto jingi, na joto la Dar unalijua. UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ikae chini, ekstensheni ifungwe kwa skrubu chini ya ubao. Waya usipite penye ncha ya chuma: fremu ni chuma, waya ukichubuka meza nzima inabeba umeme. Hakikisha soketi ya chumba ina ethi inayofanya kazi.

Droo usiweke. Zinakula nafasi ya magoti na kumlazimu fundi apandishe uso wa meza, turudi kulekule kwenye 75. Kikabati kidogo cha magurudumu pembeni kinatosha kwa diski na memori kadi.

Pima kiwiko leo, weka namba hapa pamoja na urefu wa ukuta wenye soketi, nikuchoree fremu ya kumpelekea fundi.