Jibu: Ati mikopo ya mabarabara na ajira, nani mkweli?

Sheikh wangu umeuliza kwa nini CCM wanasema miradi ya mikopo hapa Zanzibar inaleta ajira na wapinzani wao ACT-Wazalendo wanasema tunalimbikiziwa madeni tu, mi naona kila mmoja ana nusu yake. Terminal 3, jengo la abiria la uwanja wa ndege pale Kiembesamaki, ni mkopo wa Exim Bank, benki ya serikali ya China, na mikopo ya namna ile kwa kawaida huja na mkandarasi wa kwao, mainjinia wa kwao na mitambo ya kwao, sie tunabaki na kibarua. Barabara ilopita huku kwetu Pemba vijana walopata ni wa kushika kibendera na kubeba kokoto, malipo kwa siku, lami ikikauka na kazi imekwisha. Sasa hizo nazo kwenye jukwaa zinahesabiwa ajira lol

Lakini wanaopinga nao hawasemi pesa itoke wapi. Kodi zetu khasa ni utalii, na korona ilivokuja hoteli zikafungwa tuliona wenyewe. Sukuk (hati fungani ya Kiislamu ya serikali) ilozinduliwa 2025 mi naiona afadhali kidogo maana hata mtu wa hapa anaweza kutia chake na riba hamna, ingawa nayo ni deni vilevile, tusidanganyane.

Halafu mikopo ya nje lazima ipite serikali ya Muungano kwa dhamana, hapo ndo ugomvi wenyewe ulipo. Wewe mkiitwa mkutano kwa sheha usiulize bilioni ngapi, uliza mkataba unasema wenyeji wangapi wafunzwe kuendesha kijiko (mtambo wa kuchimba) na greda.