Ujue upepo wa nyumba yako kabla ya kung'oa madirisha

Dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia wiki iliyopita. Luva za nyumba yao, yale madirisha ya vipande vya vioo vya kuinamisha, zimekula kutu, vioo vinadondoka, na mumewe ameshaamua: yote yang'olewe, yawekwe madirisha ya alumini ya slaidi kama jirani alivyoweka. Yeye roho haijatulia, anauliza mie nilifanyaje. Kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mna nyumba mnayoijenga au mnayoikarabati, jibu lenyewe naliweka hapa tulisome sote.

Nyumba ya marehemu baba ipo Bububu, Unguja, na madirisha yake karibu yote ni mapya sasa. Nimefurahi, sifichi. Usiku wa joto kali nakuta pazia la chumba cha kati linapepea na feni imezimwa. Kabla sijamwita fundi yeyote nilikaa chumba kimoja kimoja, asubuhi, mchana na usiku, nikautazama upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Watu walinishangaa. Ami yangu alisema mbele ya wageni kwamba dirisha la kununua linahitaji pesa, halihitaji utabiri. Neno hilo bado linanikaa moyoni, lakini siku hizi akija huchagua kukaa chumba hichohicho.

Sisi watu wa visiwani upepo wetu una msimu, na wazee walijenga kwa kuufuata. Kaskazi huvuma tangu Disemba mpaka Machi ikitokea kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto lililozidi. Kusi hushika pamoja na masika na kuendelea wakati wa baridi, ikitokea kusini. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazi ndilo mali yako kubwa. Ukilibana hilo, Januari utalala umelowa jasho hata nyumba iwe ya marumaru.

Na slaidi hubana. Chukua dirisha la upana wa sentimita 150 lenye vioo viwili. Kioo kimoja kinapita nyuma ya chenziwe, basi uwazi unaobaki haufiki hata sentimita 75 ukitoa fremu. Umelipia dirisha zima unapumua nusu. Dirisha la kufungua kwa bawaba linakupa karibu uwazi wote, na lina faida nyengine ambayo mafundi wengi hawakwambii: upepo ukipita sambamba na ukuta, bawa linalofunguka nje linaweza kuukamata na kuuingiza ndani, ikiwa bawaba zimewekwa upande ule upepo unakokwendea. Zikiwekwa upande unakotokea, bawa hilohilo linauzuia. Ni suala la kumwambia fundi kabla hajatoboa.

Nani anakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Umeme wa kutoka Bara ulikatika, Unguja nzima ikakaa gizani miezi mitatu, kaskazi yote ile. Waliokuwa na vyumba vya kiyoyozi vyenye vidirisha vidogo walitoka kulala barazani. Nyumba ya bibi yangu Malindi, hapa mjini Unguja, ilikuwa na madirisha marefu ya mbao yenye mabawa manne, mawili juu na mawili chini. Usiku alifunga ya chini watu wasimuone, akaacha ya juu wazi, na nondo zikilinda. Tulilala. Tangu hapo siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia dirisha ni urembo wa mbele ya nyumba.

Luva nazo zinaonewa. Zinafunguka karibu zote, na mvua ya kunyooka unaweza kuziinamisha ukabaki na hewa. Ubaya wake ni mvua ya upepo, inapenya baina ya vioo, na mwizi akipata nafasi anavichomoa kimoja kimoja. Mie nimeziacha jikoni na chooni, ila vishikizo vya chuma nimevitoa nimeweka vya alumini, na nondo zipo nje. Vyumba vya kulala nimeweka mbao za msaji za kufungua. Sebuleni, upande wa kivuli usio na upepo wa maana, nimeweka hiyo slaidi, kwani pale haidhuru.

Kwa walio karibu na pwani, chumvi haina huruma. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini nayo huliwa, utaona madoa meupe. Ukiifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida, pale skrubu inapogusa ndipo panapoharibika mwanzo. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, na osha fremu kwa maji ya mfereji mara kwa mara. Slaidi ina vitundu vya kutolea maji kwenye reli. Vikiziba kwa mchanga, maji ya masika yanarudi ndani. Mbao nayo huvimba masika, basi iachiwe nafasi kidogo.

Sasa nisemalo kwa uchungu. Karakana niliyoipa kazi ilitaka malipo ya mwanzo, ikang'oa madirisha ya zamani siku ileile kabla mapya hayajachongwa, kisha simu zikawa hazipokelewi. Mvua za masika zilitukuta na matundu ukutani. Mama yangu, mtu mzima, alilala ukumbini nyuma ya turubai. Nimesamehe, lakini nasema: ndugu zangu, msikubali. Dirisha la zamani lisitoke ukutani mpaka jipya limefika nyumbani na umelipima kwa macho yako. Na nyinyi mlioko Maskati na kwengineko mnaotuma pesa, acheni kuchagua dirisha kwa picha ya simu. Muulizeni anayelala mle ndani.

Kuigana kumetumaliza. Mtaa mzima unaweka vioo vya rangi vinavyotazama jua la magharibi, halafu unalalamika bili ya umeme. Kioo cha rangi kinapunguza mwanga mkali, joto kubwa bado linapita. Upande ule weka paa lililochomoza au mabawa ya mbao ya kufunga alasiri.

Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe asiguse kitu kabla ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji ule ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa: fundi akija na nyundo kubwa na saruji mwambie arudi, pale panataka patasi kwa taratibu na kujaziwa kwa chokaa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta.