Tofauti kati ya mialo miwili: ya kweli au ya bahati?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwa utafiti wangu wa chuo nimewahoji wavuvi wa dagaa katika mialo miwili ya Ilemela, nikiwauliza kama huvaa jaketi okozi waingiapo ziwani usiku. Asilimia za mialo hiyo hazikulingana. Nitajuaje kwamba tofauti hiyo haikutokana na bahati ya sampuli tu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hukutaja idadi, kwa hiyo nitatumia za mfano: mwalo wa kwanza wanavaa wavuvi 120 kati ya 200, wa pili 100 kati ya 200. Nadharia tete unayoijaribu inasema kwamba uwiano wa mialo yote miwili ni mmoja, na ndiyo sababu unawajumlisha wanaovaa, 220 kati ya 400, ukapata 0.55. Zidisha 0.55 kwa 0.45, kisha kwa jumla ya 1/200 na 1/200, utafute kipeuo cha pili. Kosa sanifu, yaani kadirio la kiasi ambacho tofauti huyumba kwa bahati ya sampuli, ni karibu 0.050. Tofauti ya 0.10 ukiigawa kwa kosa hilo unapata 2.01, iliyovuka 1.96, mpaka wa kiwango cha asilimia 5 (tofauti kubwa hivyo ingetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100 kama mialo ingekuwa sawa), na wengi hufunga daftari hapo.

Nakusihi usilifunge. Hesabu hiyo inadai kwamba jibu la mvuvi mmoja halitegemei la mwenzake, ilhali katika mtumbwi wa dagaa mambo hayawi hivyo: tajiri, yaani mwenye mtumbwi, akinunua jaketi, wote wanne huvaa, asiponunua, wote wanne huondoka na nyavu na taa zao bila hata moja. Ukiwahoji wote, umejaza madodoso manne, lakini habari uliyopata inakaribia ya mtu mmoja. Mfanano huo ukiikuza variansi (mraba wa kosa sanifu) mara 1.5 tu, kosa sanifu linapanda hadi 0.061, na ile 2.01 inashuka hadi 1.64, ambayo haitoshi kuikataa nadharia tete.

Je, katika dodoso uliandika namba ya mtumbwi? Kama uliandika, tafuta uwiano wa kila mtumbwi, kisha linganisha wastani wa mitumbwi ya mwalo mmoja na wa mwingine, ukihesabu mitumbwi badala ya watu. Kama hukuandika, sioni njia ya kuyaokoa majibu hayo ukiwa mezani. Rudi mwaloni alfajiri mitumbwi inaporejea, kabla dagaa hawajaanikwa na wavuvi hawajatawanyika kwenda kulala, na katika kila mtumbwi mhoji mtu mmoja aliyepatikana kwa kura.