Kabla ya kugundisha foromali za meli ya mfano, amua upepo unatoka wapi

Wadogo zangu, kila anapoingia mgeni mezani na kikosi chake cha kwanza cha manowari ndogo za matanga za kuchezea vita, mimi hutazama bendera kabla ya rangi. Na karibu kila mara naona yaleyale: matanga yamejaa upepo kuelekea omo (mbele ya meli), bendera inapepea kuelekea tezi (nyuma). Jamani! Upepo mmoja utasukumaje tanga mbele na kuvuta bendera nyuma? Mikono yenu ni myepesi kuliko yetu tulipoanza, ndiyo maana inaniuma kuona kazi nzuri hivyo ikiharibiwa na kosa lilelile la zamani.

1. Osheni vipande kwa sabuni kabla ya praima, ile rangi ya msingi. Mafuta ya kalibu hayaonekani, lakini rangi inayajua.

2. Hesabuni sitaha kabla ya kupaka mistari. Manowari ya mizinga 74 ina sitaha mbili za mizinga. Tatu ni za akina Victory, meli ya Nelson, amiri wa Waingereza. Na kwa Waingereza wa vita vya baharini vya Trafalgar, pete za milingoti ni njano. Nelson aliagiza hivyo ili meli zake zitambulike ndani ya moshi, maana Wafaransa walizipaka nyeusi.

3. Foromali, yaani boriti zinazokaa mlingotini na kushika matanga. Hapa nakaa kidogo.

Kikosi changu cha kwanza cha Wafaransa, kipimo cha 1:1200, nilikigundisha foromali zote zikiwa zimekingama moja kwa moja juu ya mkuku (uti wa chini wa meli). Ndivyo ilivyo rahisi, na meli hupendeza ukiitazama kwa mbele. Nikafunga nyuzi zote: ngazi za kamba za pembeni, kamba za kutoka mlingoti hadi mlingoti, na zile nyembamba za ncha za foromali. Nikamaliza na vanishi. Siku ya mchezo tukaweka mshale wa upepo, tukapanga safu ya vita, na upepo ukawa unatujia ubavuni, kwa mbele kidogo. Nikatazama safu yangu. Kwa jinsi matanga yalivyokaa, upepo ungeyapiga usoni na kila meli ingesimama palepale. Hakuna aliyesema neno, lakini sikuweza kuona kitu kingine mpaka dadu zikawekwa chini.

Nikaamua kuzigeuza, na hapo ndipo nilipoumia hasa. Ncha za foromali zimefungwa kwa uzi kwenye mlingoti wa jirani. Ukigeuza moja, uzi wa upande huu unalegea, wa upande ule unavuta. Nilishika foromali ya tanga la juu la mlingoti mkuu kwa kibano, nikaizungusha taratibu. Supaglu haikuachia. Mlingoti ndio ulioachia, pale kipande cha chini kinapoungana na cha juu, ukaanguka na kuburuta mlingoti wa galme, ule wa nyuma, pamoja na bendera yake. Nikakata nyuzi za kikosi kizima. Kazi ya msimu mzima ilibaki sakafuni kama nywele za kinyozi.

Kwa hiyo choreni mshale wa upepo kwenye kitako, kile kibao kinachobeba meli, kabla ya kufungua chupa ya gundi. Foromali hazigeuki mpaka zikawa sambamba na mkuku, kwa sababu kamba za pembeni za mlingoti zinazizuia. Ndiyo maana meli hizi haziukaribii upepo zaidi ya digrii 67 hivi. Kwa kikosi cha kuchezea, chukueni upepo unaotoka nyuma kwa mshazari: foromali zigeuke kidogo, upande uleule kwa meli zote, bendera zipepee kuelekea omo, upande wa demani (unakoelekea upepo). Mezani meli itapiga bisho (kwenda mshazari dhidi ya upepo) na foromali hazitafuata. Hilo tunalivumilia, mradi kikosi kimoja kiwe na upepo mmoja.

Ukijenga Trafalgar ya 21 Oktoba 1805, ndipo utamu unapozidi. Manowari 27 za Waingereza zilikuja upepo mwembamba ukiwa nyuma yao, kila tanga limetandazwa, hata yale ya kuongezea pembeni. Foromali zao zikae karibu kukingama. Safu ya manowari 33 za Wafaransa na Wahispania ilielekea kaskazini, upepo wa magharibi ukiipiga ubavuni, basi zao zigeuzwe sana. Mkifanya hivyo, mtu ataujua upepo hata mshale ukiondolewa.

4. Punguzeni kamba. Uzi wa milimita 0.1 kwa 1:1200 ni kamba yenye unene wa sentimita 12! Tumieni poliesta, si pamba yenye manyoya, na muupitishe kwenye nta.

5. Meli iliyo katikati ya mapigano ikunje matanga makubwa ya chini. Yaliziba macho na kudaka moto.

6. Kitako kiwe kipana kuliko foromali na kirefu kupita ncha ya mlingoti wa maji, ule uliolala kutokeza omoni. Sitaha ya mizinga ya Victory, mita 57, kwenu ni sentimita 4.7 tu, lakini mlingoti wa maji unatokeza mbali mbele yake, na ndio unaovunjika kwanza meli zikisogezwa ubavu kwa ubavu ili watu warukie. Jina la meli liandikwe ukingoni mwa kitako, upande wa tezi. Mkiliandika chini yake, mgeni akitaka kulisoma ataishika meli kwa milingoti na kuipindua.