El Reno kuwa EF3 tu, sababu ni hii
Mkuu hapo juu unauliza iweje tornado (upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka mawinguni) ya El Reno, Oklahoma, Marekani, ya 2013 iwe EF3 tu (ukali wa tornado unaanzia EF0 mpaka EF5) wakati rada ya kwenye gari ilinasa upepo wa zaidi ya km 470 kwa saa. Iko hivi, skeli ya EF haipimi upepo moja kwa moja, wanaangalia uharibifu halafu ndo wanakadiria upepo, yaani tornado ikishapita wataalamu wanaenda kukagua nyumba, miti, nguzo za umeme, kuna aina 28 za vitu wanavyoangalia, na nyumba hawaishii kusema imebomoka, wanachungulia mpaka ukuta ulifungwaje kwenye msingi, kama ni misumari tu bila bolti basi hata ikifagiliwa yote makadirio yanashuka. Sasa EF5 ni zaidi ya km 322 kwa saa, na El Reno pamoja na upana wake wote (km 4 na ushee, we acha tu) ilipita zaidi mashambani, haikupata vya kubomoa. Kuna wakati waliipandisha EF5 kwa sababu ya rada, mwaka huohuo wakaishusha. Mi naona imeonewa kidogo ila wana hoja, tornado nyingi hazina rada ya kwenye gari pembeni, ukipima moja kwa rada, nyingine kwa vifusi utazilinganishaje? Tornado ya mji wa Moore siku 11 kabla, jimbo hilohilo, ilipita katikati ya makazi ya watu na EF5 yake haikuguswa.