Siroze ya ini inaweza kupungua

Hapana yaya, si kweli kwamba makovu ya siroze, yaani ini lililojaa makovu, hayatoki kamwe. Kama chanzo ni hepatiti B, homa ya ini inayoletwa na kirusi, yanaweza kupungua. Katika utafiti wa tenofoviri, dawa ya kirusi hicho, uliochapishwa 2013, wagonjwa 96 walianza wakiwa na siroze. Baada ya miaka 5 ya dawa, vipande vya ini vilipopimwa tena, 71 hawakuwa nayo. Ila dawa hiyo inakilaza kirusi tu, haikitoi. Mjomba wangu hapa Kadutu, Bukavu, kidonge chake anakilaza kando ya kikombe cha chai, kila asubuhi. Usiache ghafla hata ukijisikia mzima, ugonjwa unaweza kuwaka upya. Ekografia (kipimo cha picha ya ini) ya kila miezi 6 iendelee, maana saratani bado inawezekana. Na kasiksi, pombe ya ndizi, tafadhali, hata kidogo usiguse.